Mikoko ya Pangani hunywa maji yetu

Safari nyingi zinazouzwa hapa Moshi hufuata njia moja: mgeni hupanda Kilimanjaro, huzuru Ngorongoro na Serengeti, kisha hupanda ndege kwenda Unguja. Mkoa wa Tanga hurukwa, ingawa mikoko iliyo kwenye mlango wa Mto Pangani inategemea maji yanayotoka huku kwetu.

Mito ya Weruweru na Karanga humwaga maji yake katika Mto Kikuletwa, ambao pia hupokea vijito vya Meru. Kikuletwa nao hukutana na Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani huteremka hadi Bahari ya Hindi. Mikoko hustahimili chumvi, lakini hustawi zaidi pale maji ya bahari yanapochanganyika na maji baridi yaliyobeba tope. Kila tunapochepusha mto kumwagilia migomba, mpunga na miwa, maji yanayofika chini hupungua na chumvi hupanda mtoni, huku sehemu ya tope ikibaki bwawani. Kwa hiyo anayehubiri uhifadhi wa mikoko na kuwalaumu wakata boriti peke yao hajamaliza hesabu.

Utalii unaweza kusaidia, mradi fedha zibaki kijijini. Huko Gazi, Kenya, wanawake wamejenga njia ya mbao juu ya matope na hutoza kiingilio, na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 katika hekta 117, huuza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na kugharimia maji na shule.

Nina shaka, hata hivyo, na safari zinazompa mgeni mche aupande na kupigwa picha. Mara nyingi huwa ni mche wa mkoko wenyewe, yaani ile aina moja ya mikoko iitwayo hivyo, kwa kuwa mbegu yake huota ikiwa bado mtini na ni rahisi kuichomeka. Lakini ukingo unaopigwa na mawimbi ni makazi ya mlilana, aina nyingine ya mikoko, na mkoko uliochomekwa hapo hung'olewa upesi.

Atakayepita Same, Korogwe na Muheza hadi Pangani aulize kwanza ratiba ya maji: yakijaa, mtumbwi huingia ndani ya vijito, yakipwa, mizizi na kaa huonekana. Na mwongozaji awe mwenyeji wa huko, si sisi wa mlimani.