Nilivyoamua kuhusu shule ya udaktari ya Karibi

Kabla sijaamua lolote, nilikuwa nishakuwa daktari. Mama alikuwa amewapasha habari akina mama wote wa Kimombasa hapa Dallas, na kila nikiingia arusini nilisikia "daktari, karibu biriani." Kumbe nilichokuwa nacho ni barua moja tu, ya shule ya visiwa vya Karibi iliyonikubali wiki tatu baada ya kutuma maombi. Mwaka huohuo shule 22 za hapa Marekani zilinikataa. Mtihani wa MCAT, ule wa kuingilia shule za udaktari, nilipata 499, alama ndogo kwa shule za hapa.

Shule ilitaka amana ya kushika nafasi ndani ya siku 14. Masomo yaanza Januari. Ukikosa Januari kuna Mei, ukikosa Mei kuna Septemba. Hapo nilistahili kushtuka mapema. Ukiona basi linapakia abiria kila kituo na halijai, jua kuna wanaoshuka.

Si kwamba hizi shule ni za kubuni. St. George's ya Grenada imekuwa ikifundisha tangu 1977, na Reagan alipopeleka wanajeshi kisiwani mwaka 1983 alitaja usalama wa wanafunzi wa Kimarekani kuwa mojawapo ya sababu. Ross ilikuwa Dominica mpaka kimbunga Maria kilipoipiga 2017. Wanafunzi wakasomea melini kwa muda, na baadaye shule ikahamia Barbados. Mama aliposikia habari ya meli akakosa usingizi. Mtoto wa Likoni, aliyekulia kwenye feri, aliogopa kimbunga kuliko deni. Mimi niliogopa deni: zaidi ya dola laki mbili, na mkopo wa masomo hapa Marekani hata ukifilisika ni nadra kusamehewa.

Nikamtafuta kaka mmoja wa Kisumu aliyepitia huko, sasa ni daktari wa familia. Nilidhani atanitia moyo au atanikataza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniambia walikuwa sita wakisoma pamoja chumba kimoja, na waliomaliza ni watatu. "Mimi sijuti," akasema, "lakini usiniulize mimi. Waulize wale watatu wengine." Tatizo ni kwamba wale watatu hawaalikwi kwenye semina za kutafuta wanafunzi.

Basi nikampigia simu yule afisa wa shule. Swali langu lilikuwa moja: katika kila mia wanaoanza muhula wa kwanza, wangapi humaliza ndani ya miaka minne? Akanijibu kwa asilimia ya waliofaulu Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari Marekani. Nikauliza tena. Akanijibu kwa asilimia ya wahitimu waliopata nafasi za residensi, yaani mafunzo ya hospitalini baada ya shahada. Mara ya tatu akanisifia ufuo.

Baadaye nilielewa kwa nini asilimia zile zinang'aa. Shule nyingi za huko zina mtihani wa mchujo ambao lazima uupite kwanza ndipo wakuruhusu kukalia Step 1. Ukishindwa, huhesabiwi kuwa umeanguka Step 1, kwa sababu hukuufanya. Ada zako lakini walizihesabu. Tena tangu Januari 2022 Step 1 haitoi alama, ni kufaulu au kuanguka tu. Zamani kijana wa kisiwani angeweza kuifumba midomo ya watu kwa alama kubwa. Sasa amebakiwa na Step 2 tu, mtihani wa pili wa leseni, ambao bado una alama.

Halafu kuna mechi, na si ya mpira: ni ule mfumo unaogawa wahitimu kwenye residensi kila Machi, na bila residensi shahada yako ni karatasi ya ukutani. Mwaka 2024 Wamarekani waliosomea nje ya nchi waliopata nafasi walikuwa takriban 67 kwa mia. Hapa Marekani kuna shahada mbili za udaktari, MD na DO: wa mwaka wa mwisho wa shule za MD walikuwa zaidi ya 93, na wa shule za DO zaidi ya 92. Na hao 67 ni katika waliofika kwenye mechi. Nilirudia mstari huo mara kadhaa usiku ule, nikiwa zamu ya usiku kwa mzee mmoja mgonjwa ninayemtunza.

Siku ya 13 niliandika kukataa. Kumwambia mama kulinigharimu zaidi ya MCAT; akanyamaza, kisha akauliza nani atawaambia akina mama wa arusini. Nikasoma tena miezi minane, nikapata 507, nikaomba shule za DO ambazo mwanzo nilizidharau kwa ujinga tu. Mbili zikaniita kwenye usaili. Moja ikanichukua.

Mjomba wangu wa Kisauni alipopigiwa simu hakuelewa. "DO? Yule wa serikali, bosi wa machifu?" Nikamweleza, mjomba, ni daktari kamili, anaandika dawa, anapasua, tofauti kubwa ni jina la shahada. Akasema sawa.

Sasa niko mwaka wa pili. Kila Idi mjomba akinipigia huanza vilevile: "Bwana DO, baraza ni lini?"