"Although" na "but" hazikai nyumba moja

Kibanda changu cha kuchapa barua kiko karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Jumatatu alikuja kijana na barua ya kuomba kazi, ameiandika kwa mkono: "Although I am young, but I am hardworking." Nikakata "but". Akanuna.

"Auntie, mbona unanitolea neno?"

Sikumlaumu. Kwa Kiswahili tunasema ingawa mimi ni mdogo, lakini ni mchapakazi, na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakitaki. Ukishafungua sentensi kwa "although", maliza kipande hicho ("Although I am young"), weka mkato, uendelee. "But" haina kazi tena. Au uache "although", ubaki na "but". Moja tu.

Chini kidogo kwenye barua nikakuta "despite of", akimaanisha "licha ya". Hapo hata mimi niliteleza miaka mingi, na nilikuwa nikilipwa kuchapa! "In spite" ndiyo inayobeba "of"; "despite" hutembea peke yake: "despite the rain".

Nikamchapia upya, shilingi 50. Akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama ile "but" yake naweza kumtafutia nafasi kwingine.