Mama mkwe, mbeleko na gulio la Madrid

Nianze na mwenzangu mmoja wa kazini, ambaye aliniapia kwamba Madrid siku ya Jumapili hakuna mtu anayetoka nje kabla ya mchana. "Nendeni mkishashiba," alisema. "Soko lenyewe linachangamka saa sita." Kuchangamka kweli lilichangamka. Lilichangamka mpaka likaondoka na pochi yangu.

Tunaishi Dortmund, Ujerumani: mimi, mke wangu, Salim wa miaka tisa, Zuhura wa sita, na kitinda mimba ambaye wakati ule alikuwa na miezi kumi. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kutuona, shule zikafunga likizo ya Oktoba, tiketi za kwenda Madrid nikazipata kwa bei ya kuchekesha, na viza yake ya Schengen inaingia Hispania bila maneno. Siku tisa, maana yake Jumapili mbili. Hizo Jumapili mbili ndizo zilizoniokoa, ingawa wakati wa kununua tiketi sikulifikiria hilo hata kidogo.

Nilimwuliza Mama angependa kuona nini. Makumbusho? Kasri la mfalme? Akasema, "Baba Salim, mimi nipeleke gulioni. Mji ukitaka kuujua, tazama watu wanauza nini na wanakipanga vipi." Mama amekulia kwenye magulio ya Usambara, kisha akauza mitumba Tanga mjini zaidi ya miaka ishirini. Halafu ni mkwe. Mkwe habishiwi.

Basi nikafanya ninachokijua, nikachora jedwali. Gulio kubwa la Madrid linaitwa El Rastro. Lipo kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwenye mtaa wa Ribera de Curtidores na vichochoro vinavyouzunguka, vibanda kama elfu moja hivi. Nikaweka safu ya bajeti, safu ya vyoo, safu ya vituo vya metro, kila mtu na rangi yake, nikalibandika kwenye friji ya nyumba tuliyopanga. Mke wangu akalisoma lote akaniambia, "Umesahau safu ya kupumua."

Kosa la kwanza lilitoka kwenye jedwali hilo hilo. Jumamosi usiku Mama alimwuliza Salim gulio linafunguliwa saa ngapi. Salim amezaliwa Ujerumani. Kiswahili anacho, tena cha Kitanga, lakini saa anazihesabu Kijerumani. Akatazama friji, akaona 9:00, akajibu, "Saa tisa, Bibi." Mama akaridhika. Saa tisa ni alasiri, haraka ya nini? Asubuhi akasukuma chapati kwa raha zake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na ushauri wa mtaalamu wangu wa kazini, nikazila kwa raha zangu. Tukatokeza kituo cha La Latina saa sita na nusu.

Sijui niseme nini. Fikiria Kariakoo siku mbili kabla ya Idi, ondoa magari, kisha mtaa wote uinamishe uwe mteremko. Sisi tulikuwa na kigari cha mtoto. Kizuri, cha magurudumu matatu, kile ambacho dukani waliniambia kinapita popote. Hakikupita. Hatua ya kumi kiliikanyaga miguu ya mzee mmoja, hatua ya ishirini kikashika mguu wa meza ya mama aliyekuwa akiuza hereni. Nami, badala ya kusimama, nikasukuma. Meza haikuanguka, Mungu mkubwa, ila ilisogea nasi kama tunaondoka nayo. Yule mama alipiga kelele, nikajibu kwa Kijerumani, mke wangu akaomba radhi kwa Kiingereza, na Mama akainama kimya akaanza kuokota hereni moja moja na kuzipanga zilivyokuwa, zile za mawe upande huu na za fedha upande ule. Muuzaji akanyamaza. Alimtambua mwenzake.

Nikajitafutia heshima kwa kuwapa wanangu somo. Nilisimama katikati ya watu nikawaeleza kwa kirefu habari za vibaka: begi kifuani, simu mkononi, usikubali kusukumwa. Nilipomaliza nikapapasa mfuko wa nyuma wa suruali. Mtupu. Kwenye pochi zilikuwamo euro arobaini na kitu, pamoja na kadi ambayo kuifunga kulinigharimu saa nzima ya simu. Mama akanitazama, akafungua koti, akafundua pindo la kanga yake ya ndani, akatoa noti ya ishirini iliyokunjwa hadi imekuwa kama kidonge. "Chukua ukanunue maji, mwanangu." Hakusema zaidi. Angesema ningepata nafuu.

Kabla hatujatoka tukampoteza Zuhura. Kwenye jedwali nilikuwa nimeandika: mahali pa kukutana, mlango wa metro. Nikaukimbilia mlango wa metro jasho likinitiririka, na Zuhura hayupo, kwa sababu mtoto wa miaka sita hasomi jedwali. Alikuwa amesikia neno la bibi yake. Juu kabisa ya gulio, kwenye uwanja wa Cascorro, kuna sanamu ya askari aitwaye Eloy Gonzalo, aliyepigana Cuba mwaka 1896. Alijitolea kwenda kuchoma nyumba waliyojificha maadui, akajifunga kamba kiunoni ili akifa wenzake wauvute mwili wake. Sanamu ina bunduki, ina kamba, na ina dumu la mafuta. Mama hakuhitaji historia yote hiyo. Alipoiona tu alisema, "Zuhura, ukipotea nenda kwa yule muuza mafuta ya taa, ukae hapo hapo." Ndiko tulikomkuta, amekaa miguuni pa muuza mafuta ya taa, hata machozi hana. Tukarudi nyumbani bila kununua hata sindano.

Usiku ule Mama alilibandua jedwali langu kwenye friji na kufungia chapati zilizobaki. "Jumapili ijayo," alisema, "mniachie mimi."

Siku za katikati nitazipita. Jumatano tulipita tena Ribera de Curtidores, tukakuta mtaa wa kawaida wenye miti na maduka ya samani za kale, kimya, kama haukuwahi kutuibia. Mama akautembea wote taratibu, akihesabu vichochoro kwa vidole. Nilimsimulia ninachojua kuhusu jina: curtidores ni watengeneza ngozi, na rastro ni alama inayoachwa na kitu kikiburutwa, nayo husemwa ni damu ya ng'ombe waliotolewa machinjioni kwenda kwa watu wa ngozi. Akautazama mteremko. "Basi ndiyo maana. Damu haipandi mlima. Na sisi tutaanzia juu, tutokee chini."

Huo ndio ujanja wenyewe, na ukienda na wazee na watoto usiuache: shukeni, msipande. Watu wanaojitahidi kutoka kituo cha Embajadores kule chini kwenda juu niliwahurumia.

Jumapili ya pili. Oktoba Madrid jua linachelewa mno, saa mbili asubuhi kungali giza, hivyo baada ya sala ya alfajiri kuna muda wa kutosha wa chai. Kigari kilibaki nyumbani. Mama alimchukua mtoto mgongoni kwa mbeleko, kanga juu ya koti, akafunga fundo kifuani, basi. Tulishukia Tirso de Molina badala ya La Latina, maana pale kuna wauza maua na nafasi ya kuhesabiana, kisha dakika chache kwa miguu. Bibi mmoja wa Kihispania alimwona mtoto mgongoni akashtuka. Alitufuata mtaa mzima, mikono ameitandaza nyuma ya Mama kama anayesubiri embe lidondoke. Tulipofika Cascorro akaridhika kwamba halidondoki, akambusu mtoto unyayo, akaenda zake.

Saa tatu kasorobo kwa Kiswahili, Salim nikamsahihisha. Wauzaji walikuwa bado wanachomeka vyuma na kufungua maboksi, barabara unaweza kulala. Mama akaniambia muuzaji akiwa anapanga hana hasira na bei, na mteja wa kwanza hataki kumpoteza kwa kuogopa mkosi wa siku. Nilidhani hiyo ni imani ya Tanga. Ngoja.

Ule mtaa mkubwa hakuukawilia. Mikoba, skafu, fulana za mpira, vitu vipya ambavyo, kwa maneno yake, "hivi hata Chumbageni kwetu Tanga vipo." Akakata kulia kwenye uwanja wa General Vara de Rey, ambako ndiko kuliko na vya zamani: makoti, taa za kuning'inia, masanduku, mazagazaga yamemwagwa juu ya blanketi. Hapo akasimama ghafla, nikadhani mtoto kafanya kitu.

Ilikuwa pasi ya mkaa. Pasi ya mkaa kabisa, yenye kifuniko na mpini wa mti, imewekwa kwenye kitambaa cha mahameli kama Kurani. Muuzaji akaonyesha kwa vidole: thelathini na tano. Mama alicheka hadi mtoto mgongoni akaanza kucheka. "Baba Salim, mwambie yangu iko Tanga, juzi tu kabla sijaondoka nimenyoshea kanzu." Nikamtafsiria kwa Kihispania changu cha maneno arobaini. Muuzaji hakuamini. Mama akaishika, akaifungua, akamwonyesha mkaa unapokaa, majivu yanapopulizwa, unavyoipitisha kwanza juu ya jani la mgomba bichi ili isishike nguo. Sasa watu wakawa wamejaa. Yule bwana alisikiliza kama mwanafunzi, na ndipo Mama, bila kubadili uso, akaweka kidole juu ya kinu kidogo cha shaba kilichokuwa pembeni na mchi wake.

Kinu hicho ndicho alichokiona tangu mwanzo. Pasi ilikuwa ya kufungulia mazungumzo. Kwao kinaitwa almirez, neno la Kiarabu hilo, na karibu kila nyumba ya kizamani ilikuwa nacho. Muuzaji akasema ishirini na tano. Mama akaonyesha vidole vinane. Akasema ishirini. Mama akakigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakunja uso kama daktari, akasema nane. Mimi nilitaka ardhi inimeze, nikanong'ona, "Mama, hapa Ulaya bei..." Akaniambia, "Wewe mshike Zuhura mkono." Akageuka akaanza kuondoka, kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao, mwendo wa mtu mwenye safari ndefu. Hatua ya sita tukaitwa. Kumi na mbili, na akaongezewa kijiko cha shaba. Muuzaji akazigusisha zile pesa kwenye meza yake kabla ya kuzitia mfukoni, na Mama akanitazama: waona?

Kule chini, uwanja wa Campillo del Mundo Nuevo, palikuwa pa Salim. Jumapili watoto na wazee wazima hukusanyika pale kubadilishana stika za wachezaji mpira, kila mtu na bunda lake na karatasi ya namba anazozikosa. Huhitaji lugha. Mmoja anafunua stika haraka haraka, mwingine anaitikia: "sile" kwa aliyonayo, "nole" kwa asiyonayo. Nilikuwa nimembebea Salim stika zake za ziada kama sitini, na hili ndilo wazo pekee la jedwali langu lililofaa. Mama alikaa ukingoni akisikiliza watoto wakiimba sile, sile, sile, mwisho akashindwa kuvumilia: "Kwani nani asile? Toka asubuhi mwakataza watu kula!" Salim aliondoka na stika ishirini na tatu mpya. Babu mmoja mwenye mkongojo alimlalia stika moja ya kung'aa, somo nalo hilo.

Chakula pangeni mapema kama mnakula halali. Mabaa ya pale yamejaa nyama ya nguruwe, na uwanjani Cascorro kuna sehemu inayosifika kwa konokono, ambao Mama aliwaona sahanini akavuta mtandio hadi puani. Choo ni kahawa: nunua kikombe kimoja, familia nzima iingie. Mama alipatana na mabilinganya madogo ya achari ya mji wa Almagro, akanunua kopo mbili. Kisha tukavuka hadi Lavapiés, mtaa wa jirani wenye Wasenegali, Wabangladeshi na Wamoroko, tukala wali wa samaki wa Kisenegali. Alisema umepikwa na mtu mwenye mama, na sifa kubwa kuliko hiyo sijawahi kuipata miaka kumi na moja ya ndoa.

Matumizi ya siku nzima, pamoja na chakula, sidhani yalifika euro tisini. Jumapili ya kwanza, bila kununua kitu, ilinila zaidi.

Kinu kitieni kwenye begi la kupimwa, msijaribu kukipanda nacho ndani ya ndege, maana mchi wa shaba si kitu cha kumweleza mtu wa ukaguzi saa kumi na moja alfajiri. Begi letu lilizidi uzito kwa kilo mbili. Mama akatazama vilivyomo, akatoa jozi yangu ya viatu vizuri na kitabu cha mwongozo wa Madrid nilichonunua Dortmund, akafunga zipu.