Baiskeli ya Mzee Mukene

Mwaka 2011 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuzikana pale Walukuba, Jinja. Kwa Kiganda kikundi cha namna hiyo huitwa munno mukabi, yaani mwenzako wakati wa shida, na vimejaa Uganda, mijini hata vijijini. Mnachanga kila mwezi, mnanunua sufuria kubwa, sahani, hema na viti, ili siku msiba ukiingia kwa mwenzenu msianze kuhangaika maiti ikiwa imeshalazwa. Sisi tulichanga shilingi elfu tano. Daftari lilikaa kwangu, kwenye droo ya cherehani.

Walukuba si mtaa wa kabila moja. Nyumba zile zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, mji ulipokuwa ukikua mbio pamoja na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Marehemu baba yangu alitoka Busia kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, kile watu wanachokiita Nytil. Upande wa kushoto tulipakana na Wajaluo, kulia Waalur, nyuma Wanubi, mbele Wasoga. Ndiyo maana sisi watoto wa pale tulikulia Kiswahili. Ndicho kilichokuwa cha wote uani na bombani. Na ndiyo maana kuzikana kwetu lilikuwa jambo zito. Ukoo wa mtu ulikuwa safari ya siku nzima. Jirani alikuwa ukuta wa pili.

Mzee Mukene alikuwa Mualur kutoka upande wa Nebbi. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa alinunua mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, kwenye mwalo wa Masese, akawaanika, kisha akazunguka nao mtaa kwa mtaa kwa baiskeli. Alipanga chumba kimoja, hakuwa na mke wala mtoto tuliyemjua. Asubuhi kengele ya baiskeli yake ilipita kabla ya watoto kwenda shule, mara mbili, kring-kring, na harufu ya dagaa nyuma yake. Kwenye kikundi alikuwa mwanachama wa miaka mingi. Misibani yeye ndiye aliyechota maji, madumu manne kwa safari moja, bila kuitwa.

Mwaka ule maisha yalipanda vibaya. Kufika Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 30 kwa mwaka, sukari ikawa kitu cha kuulizana, na umeme ulikatika usiku baada ya usiku. Wanachama wengi walichelewa kulipa. Mzee Mukene alifikisha miezi sita. Katiba yetu ilisema miezi mitatu, halafu jina linapigwa mstari.

Mwezi wa tisa nikamwendea.

“Binti yangu,” akaniambia, “mukene siku hizi watu wananunua kwa kijiko. Nivumilie.”

“Mzee, nimeshavumilia. Deni ni elfu thelathini. Nikikuvumilia wewe, wengine watasemaje?”

Alikaa kimya, akiangalia baiskeli iliyoegemea ukuta. Kisha akaisukuma kunielekea, akisema nikae nayo, ataikomboa. Nikaichukua. Katiba haikusema lolote juu ya rehani, na kamati haikunituma. Nilifanya kwa kichwa changu, na wakati ule niliona nimemsaidia, maana jina lake sikulipiga mstari. Nilipita nayo katikati ya nyumba mchana kweupe. Nikaiweka sebuleni nyuma ya pazia, usukani ukitokeza.

Sikujiuliza atabeba dagaa na nini.

Alhamisi ya tarehe 20 Oktoba jumuiya ilisali kwangu. Siku hiyo naikumbuka kwa tarehe kwa sababu redio zote zilikuwa zikitangaza kifo cha Gaddafi, na watu waliingia wakibishana habari hizo mpaka mwenyeji, yaani mimi, nikaanzisha wimbo. Kwa sisi Wakatoliki, jumuiya ndogo ndogo ni jambo ambalo maaskofu wa Afrika Mashariki walilitilia mkazo tangu miaka ya 1970: familia chache za jirani zinakutana nyumbani kwa mmoja wao, zinasoma masomo ya Jumapili inayokuja, kila mtu anarudia neno lililomgusa, na mwisho mnaulizana mtafanya nini wiki hiyo. Hilo la mwisho ndilo watu hupenda kuliruka. Mimi pia.

Umeme haukuwepo. Kijana mmoja wa sekondari alisoma kwa mwanga wa koroboi, kwanza kutoka kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Musa anawaambia watu wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Wasimkandamize maskini wanayemdai. Na mtu akichukua nguo ya jirani yake kuwa rehani, airudishe kabla jua halijatua, maana ndiyo pekee anayojifunikia; atalala na nini? Halafu ikafuata Injili ya Mathayo, ile ya amri iliyo kuu, na ya pili inayofanana nayo.

Tukanyamaza kama kawaida yetu. Nilisikia utambi ukichoma mafuta. Usukani wa baiskeli ulikuwa umepiga kivuli ukutani, mrefu, mpaka karibu na dari, kila mtu akiuona.

Kulikuwa na mama mzee tuliyemwita Jaja, kama wanavyoita bibi huku kwetu. Hakujua kusoma, lakini masomo aliyashika kuliko sisi wenye miwani. Zamu yake ilipofika ya kurudia neno lililomgusa, alisema, “Atalala na nini.” Basi. Hakunitazama. Ilipofika hatua ya kuulizana tutafanya nini, aliuliza kwa sauti ya kawaida tu kama kuna mtu amemwona Mzee Mukene wiki hii, kwa sababu yeye hajasikia kengele yake siku nyingi.

Hakuna aliyekuwa amemwona. Kwa miaka yote ile kengele ilikuwa ndiyo salamu yake, nasi tulijua yu mzima kwa kuisikia. Kengele ilikuwa kwangu.

Kulipopambazuka nikaisukuma kurudi. Mlango haukuwa na komeo. Alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, karibu naye kopo la maji tupu. Nilimwambia, “Mzee, nimekurudishia.” Akageuza macho akaiona, akasema kwa taabu, “Iingize ndani. Mvua itainyeshea.” Hakuniambia neno lingine juu ya jambo hilo, siku hiyo wala iliyofuata. Vijana wa bodaboda walimbeba wakiwa wamemweka katikati, tukamfikisha hospitali. Homa ilikuwa imeshapanda kichwani. Alikufa Jumamosi usiku. Jaja alikuwa ameushika mkono wake.

Jumapili nikasikia masomo yale yale kanisani, na sitaeleza nilivyokaa kwenye benchi lile.

Mchana kikundi kikakutana chini ya mwembe. Mwenyekiti, mstaafu wa reli, aliniambia nisome ukurasa wa marehemu. Nikasoma: miezi sita, kumi na tano elfu mara mbili. Kulikuwa na wale waliosema mara moja sheria ni sheria, na wale waliosema mara moja tumsamehe. Wote wawili walisema upesi mno kwa maoni yangu. Aliyesema neno la kusikilizwa ni mama mmoja mjane anayekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo, mwenye watoto wanne.

“Mimi sina neno na marehemu,” alisema. “Dumu langu la maji alilibeba mara ngapi! Lakini mwaka huu wote nimelipa. Watoto wangu wamekunywa uji bila sukari ili jina langu lisipigwe mstari. Kama aliyelipa na asiyelipa ni sawa, mniambie, mimi nililipa kwa nini?”

Watu wakaangalia chini. Alikuwa na haki. Mpaka leo nasema alikuwa na haki, na wanaofikiri upendo wa jirani ni kufuta daftari hawajawahi kulishika. Lile sanduku la michango lilikuwa na uji wa watoto wake ndani yake. Bila sheria lingekuwa tupu siku nyingi, na wa kwanza kukosa jeneza wangekuwa maskini kama yeye.

Nikasimama nikaeleza habari ya baiskeli, tangu mwanzo. Wengi walijua. Nilitaka waisikie kutoka kinywani mwangu: kwamba mtu aliyechelewa kulipa nilimnyang’anya cha kulipia, na kwamba kamati haikunituma. Nikasema elfu thelathini nitaitoa mimi. Mjane yule akanijibu, si kwa ukali, “Toa, lakini hiyo haifikishi mtu Nebbi.”

Ndipo mwenyekiti akasema sanduku halitafunguliwa, kwa kuwa sheria tuliiweka wenyewe na mama huyu asidhulumiwe. Lakini sufuria, hema na viti vitoke, hivyo havipungui kwa kutumiwa. Za safari tuzitafute kwa mabugo. Hilo ndilo jina la rambirambi kwa Waganda na Wasoga. Zamani watu walileta vitambaa vya magome ya mti wa mutuba vya kumfunika marehemu, sasa wanaleta pesa, na jina limebaki.

Kapu likazunguka siku mbili. Wanawake wa mwalo walitoa, vijana wa bodaboda walitoa, mzee wa msikitini aliyekuwa akinunua dagaa wa paka wake alitoa elfu kumi na mbili, zote sarafu. Fundi seremala alitaka pesa ya mbao tu. Jirani yetu Mnubi, Mwislamu, alipika posho, yaani ugali, na maharage ya mkesha, usiku kucha hakuondoka jikoni. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akaandika barua ya kusafirisha maiti. Tukapata laki nane za kukodi taksi, yaani basi dogo, na mafuta, zikabaki chache.

Jioni ya Jumatatu tulipokuwa tunapakia, mjane wa kabalagala alikuja na beseni limefunikwa kwa kitambaa. Hakuchangia hata shilingi moja, na hakubadili neno lake. Akaniwekea beseni mapajani. “Ni safari ndefu,” akasema. Kabalagala zilikuwa bado za moto.

Tulikwenda watu tisa, jeneza katikati ya viti, baiskeli imefungwa juu ya paa kwa mipira. Jinja ndiko Mto Nile unakotoka ziwani. Tuliuacha nyuma, tukapita Kampala na Luwero gizani, tukaukuta tena Karuma, povu jeupe chini ya daraja, halafu mara ya tatu Pakwach, alfajiri, mpana na mtulivu. Jaja, ambaye hakuwahi kufika kaskazini, aliuliza kama ni maji yale yale. Dereva akamwambia ndiyo. Akafanya ishara ya msalaba, akaendelea na rozari yake.

Kutoka Nebbi mjini tuliacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha, mara mbili tulishuka kusukuma gari. Nyumbani kwao walikuwa wameshachimba kaburi. Habari zilitangulia kwa simu. Aliyetupokea ni kaka yake, askari mstaafu, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha kambini.

“Nyinyi ni nani wake?”

“Majirani,” mwenyekiti akajibu.

“Ndugu wa huko wako wapi?”

“Ni sisi tu.”

Akatuhesabu mmoja mmoja kwa macho, tulivyojaa matope mpaka magotini. Akawageukia watu wake akawaambia kwa Kialur, na wanawake wakaja kutupokea mizigo mikononi.

Kaburini, kama ilivyo desturi kwetu sehemu nyingi za Uganda, kabla ya kufukia waliuliza kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze sasa. Kaka yake alisema kwa Kialur, kisha akarudia kwa Kiswahili, akituelekea sisi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Mwenyekiti alinitazama. Yule kaka akauliza mara ya pili.

“Hatumdai,” nikasema.

Baada ya mazishi nikamwomba dereva ashushe baiskeli. Ilikuwa imejaa tope la safari, lakini kwenye kapu la nyuma, katikati ya fito, magamba ya dagaa yalikuwa bado yamenata, yakimetameta. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka sita au saba hivi, aliisogelea, akaangalia wakubwa kama watamkataza. Hakuna aliyemkataza. Akaweka kidole gumba kwenye kengele, akaipiga mara mbili.