Siku Moja Maishani Mwangu: Kutafuta Chanzo cha Ubongo Mdogo kwa Nzi wa Matunda

Saa moja asubuhi ninawaondoa chupani nzi wote waliokomaa. Jike aliyetoka karibuni kwenye bundo, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi aliyekomaa, hamkubali dume kwa takriban saa 8 katika nyuzijoto 25, kwa hiyo chupa zikibaki tupu asubuhi, majike nitakaowakusanya mchana nitakuwa na hakika kwamba hawajajamiiana.

Saa mbili ni zamu ya sindano, nayo haivumilii ucheleweshaji. Mayai yaliyotagwa muda mfupi uliopita hupangwa kwenye kioo, kisha chini ya hadubini ninaingiza RNA elekezi, yaani molekuli inayoonyesha mahali pa kukata DNA, katika ncha ya nyuma ya kila yai, mahali ambapo seli za uzazi zitaundwa, na sharti nimalize kabla hazijaanza kuundwa. Nzi wa ukoo huu hutengeneza protini ya Cas9 wenyewe. Protini hiyo huifuata RNA hadi kwenye jeni iitwayo asp na kuikata DNA, na seli inapouunga mkato huo mara nyingi hupoteza au kuongeza vipande vichache, jeni ikaharibika. Kwa binadamu jeni inayolingana nayo ni ASPM. Mtoto aliyerithi nakala mbili mbovu huzaliwa na ubongo mdogo mno, na watoto hao ndio sababu ya mimi kuichagua jeni hii.

Saa nne ninapasua mabuu wa ukoo uliokwisha kuhaririwa. Kwa koleo mbili nyembamba ninautoa ubongo, ninauhifadhi kwa dawa kwa dakika 20, kisha ninauloweka katika kingamwili, yaani protini zinazonasa kwenye sehemu ninazotaka kuziona kwa hadubini, hadi kesho.

Saa nane mchana ninakusanya majike wa ukoo uliohaririwa, halafu ninaketi kwenye hadubini ya leza kutazama bongo zilizotayarishwa mapema. Sehemu inayohusika na kuona imepungua waziwazi. Hata hivyo, kwangu picha hiyo si ushahidi, kwa maana Cas9 inaweza kukata mahali pasipokusudiwa, na tofauti ya ukubwa pekee haisemi ni mkato upi ulioisababisha.

Ndiyo maana saa kumi ninawapandisha majike hao na madume waliobeba nakala mbovu ya asp katika kromosomu ya tatu, ambako jeni yenyewe iko, pamoja na nakala nzima iliyoongezwa katika ya pili. Baada ya siku 5 hivi nitawapasua mabuu waliorithi nakala mbili mbovu pamoja na ile nzima. Ubongo wao ukirejea ukubwa wa kawaida, nitaandika kwamba chanzo ni asp. Ukibaki mdogo, nitaanza upya kwa RNA elekezi nyingine.