San Servolo, kisiwa cha watawa kilichogeuka chuo kikuu

Wengi wakifika Venice, Italia, wanaishia uwanja wa San Marco, wanapiga picha, wananunua kahawa kwa bei ya kuumiza afu wanageuza. Mi nawashauri mtembee kidogo mpaka kituo cha San Zaccaria mpande boti namba 20. Tiketi moja ya boti za abiria ni yuro 9.50, ndio ni hela, lakini ndani ya kama dakika kumi hivi mnashuka San Servolo na kelele zote za watalii mmeziacha nyuma.

Kisiwa ni kidogo, unakizunguka kwa miguu bila hata kuchoka. Kuna kanisa, bustani yenye miti mikubwa, majengo marefu yenye korido ndefu, na nilivyofika vijana walikuwa wamekaa kwenye nyasi na laptopu zao wanabishana kwa Kiingereza cha lafudhi za kila aina. Hapo ndio makao ya Venice International University, ilianzishwa 1995 na vyuo kadhaa vikaungana, Ca' Foscari ya hapo hapo Venice, Duke ya Marekani na wengine, baadaye wakajiunga Waseda ya Japani, Tsinghua ya China, hata Stellenbosch ya Afrika Kusini imo. Mwanafunzi anatumwa na chuo chake, anasoma muhula mmoja, anarudi kwao na alama zake.

Sasa historia. Wabenedikto walikuwepo hapa tangu karne ya 8, ndio, Wabenedikto kama hawa tunaowajua Peramiho na Ndanda, wanaofuata kanuni ile ile ya sala na kazi. Baadaye wakaja watawa wa kike, na karne ya 17 wakapokelewa masista waliokimbia vita kule Krete. Mwaka 1716 serikali ya Venice ikafanya kisiwa kuwa hospitali ya wanajeshi, na 1725 akaletwa mgonjwa wa kwanza wa akili, mtu wa familia ya kitajiri. Kuanzia hapo ikawa hospitali ya vichaa, kama walivyosema wenyewe, kwa zaidi ya miaka 250. Mwaka 1873 wanawake wakahamishiwa kisiwa jirani cha San Clemente.

Kilichonishika moyo ni jumba la makumbusho lililofunguliwa 2006 humo humo chuoni. Kuna pingu, kuna majoho ya kumfunga mtu mikono, kuna duka la dawa la zamani zuri ajabu, na kuna picha za wagonjwa, nyingine za karne ya 19. Nilisimama kwenye zile picha muda mrefu. Wengi ni wakulima, na ugonjwa unaotajwa sana ni pelagra. Pelagra inatokana na kukosa vitamini B3, ngozi inababuka, tumbo linaharisha, afu akili inaanza kuchanganyikiwa. Chanzo chake ni njaa ya aina fulani hivi, maskini wa Veneto, mkoa wenyewe wa Venice, walikuwa wanakula polenta asubuhi mchana jioni, na polenta ni ugali jamani, ugali wa mahindi, ila wao walikula mtupu, bila maharage bila dagaa bila maziwa. Kule Mexico mahindi yalikotoka watu huyachemsha kwanza na chokaa na hiyo vitamini inafunguka, Ulaya ikachukua mbegu ikaacha maarifa. Yani mtu kafungwa kisiwani anaitwa kichaa wakati alichokosa ni mboga ya kulia ugali, na wapo waliopata nafuu baada tu ya kulishwa vizuri. Iliniuma sana, nimekulia kwenye nyumba ambayo mwisho wa mwezi ugali na chumvi ulikuwa mlo kamili.

Mwaka 1978 Italia ilipitisha Sheria namba 180, watu wanaiita sheria ya Basaglia, kwa jina la Franco Basaglia, daktari mzaliwa wa Venice aliyepigania hizi hospitali zifungwe na wagonjwa watibiwe wakiwa kwenye jamii zao. San Servolo ikafungwa mwaka huo huo, majengo yakakaa kisha yakakarabatiwa miaka ya 90.

Mi naona walichofanya hapa ni sahihi kabisa. San Clemente sa hivi ni hoteli ya kifahari, mtu analala kwenye shuka safi wala hajui nani alifungiwa pale. San Servolo wangeweza kupiga rangi wakasahau, badala yake mwanafunzi akitoka darasani yuko hatua chache tu na picha za wale wakulima, na nyaraka za hospitali zimetunzwa, watafiti wanazisoma mpaka leo.

Mkimaliza msirudi mjini haraka, boti hiyo hiyo namba 20 inaendelea San Lazzaro, kwenye monasteri ya Waarmenia waliopo tangu 1717 na bado wanaishi humo. Ila ulizeni kwanza saa za kutembelea, kule na kwenye makumbusho, maana hazifunguliwi muda wote.