Shingo ya mwanangu haikuwa na uchafu

Nilimsugua mwanangu shingo kwa dodoki karibu mwaka mzima. Alikuwa na miaka 9, na nyuma ya shingo yake palikuwa peusi kama pamepakwa masizi. Nilimgombeza kwamba hajui kuoga. Nilijaribu limao, nikajaribu sabuni ya kipande, ngozi ikachubuka na weusi ukabaki palepale.

Wifi yangu ni muuguzi. Siku ya Idi alimgeuza mtoto shingo, akaiangalia kimya, kisha akaniita jikoni. "Wifi, huu si uchafu. Mpeleke akapimwe sukari."

Hospitali walimkuta na kilo 46 kwa urefu wa sentimita 135. Kiuno kilikuwa sentimita 82, na daktari akaniambia kiuno kisizidi nusu ya urefu. Sukari kabla ya kula ilikuwa milimoli 5.9 kwa lita. Haikuwa kisukari, ambacho huanzia 7.0, lakini ilishavuka 5.6, mpaka wa sukari ya kawaida. Ini nalo lilikuwa na mafuta. Mtoto wa darasa la tatu! Mimi nilijua ini la mafuta ni la walevi.

Daktari alinieleza kwa jiko la mkaa. Chakula kikizidi mahitaji, seli zinabanwa kama jiko lililoshindiliwa mkaa: zinatoa cheche, yaani radikali huru, kuliko mwili unavyoweza kuzizima. Hiyo ndiyo wanaita mkazo wa oksidesheni. Cheche hizo zinaunguza seli zenyewe, zinachochea uvimbe wa ndani usioonekana, na seli zinazidi kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Kongosho nalo linamwaga insulini zaidi, na hiyo ndiyo inayoifanya ngozi ya shingo kuwa nene na nyeusi.

Basi nikauliza kuhusu vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzima cheche hizo, maana jirani yangu anauza na alishaniahidi punguzo. Daktari akacheka. Akasema nipunguze mkaa kwanza, na hela ya vidonge ninunulie mchicha na mapapai.

Nikaanza na soda. Nilipima sukari iliyomo kwenye chupa ya mililita 500 ya ile anayoipenda: gramu 53, vijiko vya chai 13. Nikaimwaga kwenye sahani mbele yake. Alishangaa sana, na wiki mbili baadaye nikakuta vizibo vinne chini ya godoro. Kosa lilikuwa langu. Nilimkataza yeye huku baba yake anakunywa mezani kila jioni. Ilibidi soda na juisi za pakiti zitoke nyumbani kabisa, na mume wangu alinuna kuliko mtoto.

Bibi yake ndiye aliyenipa kazi. "Mnamnyima mtoto chakula, mnataka awe kama mnyonge?" Kwake unene ni neema, na sikuona haja ya kubishana na mama mkwe. Nilimwomba tu kila Jumamosi aende naye sokoni kwa miguu badala ya kupanda bodaboda. Sasa wanarudi na samaki na matembele, na chapati zimepungua bila mtu kuzikataza.

Usingizi nao sikutegemea kabisa kama unahusika. Gari la shule linampitia saa 11:15 alfajiri, na alikuwa analala saa 4 usiku baada ya kazi za shule na katuni. Watoto wa umri wake wanahitaji angalau saa 9. Tumefikisha nane na nusu. Foleni za Dar es Salaam haziruhusu zaidi. Jioni anacheza mpira uwanjani mpaka adhana ya magharibi.

Daktari hakutaka tumkondeshe. Alisema uzito usipande tu, urefu utamfikia. Baada ya miezi 8 ana kilo 45, sentimita 139, kiuno 75. Sukari ni 5.2. Ini tutalipima tena mwezi ujao.

Shingo imefifia, haijaisha. Juzi nilimwomba msamaha kwa lile dodoki. Akasema sawa mama, ila bado hataki fulana isiyo na kola. Nimemnunulia mbili zenye kola, na ile sabuni ya kipande tumeirudisha kwenye nguo.